iLok Moja, Vyumba Viwili

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia studio imepata chumba cha pili. Unauliza kama Pro Tools yako moja itatosha kompyuta zote mbili. Itatosha, ilimradi msiitumie kwa wakati mmoja. Programu iweke kwenye mashine zote, lakini leseni yako imo ndani ya iLok, ule ufunguo wa USB, na itafunguka pale tu ilipochomekwa.

Mimi sihofii sheria, nahofia mikono ya vijana wako. Kidude hakizidi kidole gumba, nao watakichomoa kutwa nzima. Mara kimeondoka kwenye mfuko wa suruali ya mtu, mara kimepigwa teke kwenye kompyuta iliyo chini ya meza. Kikipotea, kimepotea na leseni zote zilizomo. Nunua waya wa USB wa kurefushia kwa kila kompyuta, uufunge juu ya meza, iLok ichomekwe hapo. Projekti ifungwe kwanza ndipo iLok ichomolewe, na anayetoka zamu amkabidhi mwenzake mkononi.

Ila kwa nini ihame kila siku? Chumba cha pili ni cha kurekodi vokali, basi. Biti ikikamilika, itoe kwa WAV, kila ala na faili lake, zote zianzie sekunde ya sifuri, 48 kHz pande zote mbili. Kijana azifungue kwenye programu ya Reaper, ambayo haina habari ya ufunguo wa USB na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, arekodi, akurudishie vokali tupu. Wewe unabaki na iLok yako pale unapomiksi.

Ukiwaza kuhamishia leseni mtandaoni, iLok Cloud inataka intaneti muda wote. Kwa bando letu hili, siithubutu mbele ya mteja.

Na huyo jamaa anayekuuzia Cubase 11 na ufunguo wake, mwambie hapana. Huduma ya eLicenser, inayosimamia ufunguo huo, ilifungwa Mei 2025. Ufunguo ukifa, hakuna wa kukurudishia leseni. Cubase kuanzia 12, ya mwaka 2022, haitaki ufunguo, na leseni moja unaiweka kwenye kompyuta 3. Ukipata hela, anzia hapo.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako