Miaka Yangu Pamoja na Bakteria

Nilipoingia kazini katika maabara moja ya mifugo pembezoni mwa Nairobi, kijana wa Mombasa niliyekuwa bado nikiutamani upepo wa bahari, wakubwa wetu walikuwa wangali wakiipima homa ya Bonde la Ufa kwa virusi vyenyewe, vilivyokuzwa katika seli kisha vikauawa kabla ya kuletwa mezani. Na kazi hiyo haikuwa ya kufanywa pasipo hadhari, kwani tangu Daubney, Hudson na Garnham walipoueleza ugonjwa huo mwaka 1931, kutokana na vifo vya wanakondoo karibu na Naivasha, ilijulikana kwamba huwapata hata wauchunguzao.

Muradi wetu, basi, ulikuwa kuipata protini moja tu ya virusi hivyo, iitwayo N, ambayo huufunika uzi wao wa RNA, na ambayo kingamwili za mnyama aliyewahi kuugua huitambua bila taabu. Njia yenyewe haikuwa ngeni: Cohen na Boyer walikwisha kuonyesha mwaka 1973 kwamba jeni ya kigeni yaweza kupachikwa katika plasmidi na kutiwa ndani ya Escherichia coli, na mwaka 1979 Kenneth Murray wa Edinburgh na wenzake wakawafanya bakteria hao watoe protini ya homa ya ini ya aina B, ilhali virusi vyake havikukubali kukuzwa maabarani. Mintarafu ya kukata na kuunganisha jeni, na kuwapiga bakteria joto la nyuzi 42 kwa kitambo ili plasmidi ipenye, vitabu vimesema maridhawa, nami sitarefusha.

Lisiloandikwa sana ni ukaidi wa protini. Tulipowachochea bakteria kwa kemikali iitwayo IPTG wakiwa katika nyuzi 37, waliitengeneza kwa pupa hata ikashindwa kujikunja sawasawa, ikagandamana ndani yao. Nawe ukishawapasua na kuwazungusha katika mashine, huikuta yote imelala chini ya mrija, nyeupe na ngumu, na maji ya juu hayana kitu. Yawezekana kuiyeyusha kwa urea, walakini iliyoyeyushwa hivyo aghalabu hairudii umbo lake.

“Mwanangu,” akaniambia mzee aliyenifundisha kazi, fundi wa maabara asiye na shahada yoyote, “wapunguzie joto, nawe uende ukalale.”

“Nyuzi ngapi, Mzee?”

“Kumi na nane. Usiku kucha.”

Asubuhi chupa zilikuwa zingali zikitikisika, na chumba kimejaa harufu ile ambayo mgeni hudhani choo kimefurika. Tukaipitisha N kwenye nikeli, ambayo huushika mkia wa histidini sita tuliokuwa tumeiongezea, kisha katika jeli itenganishayo protini kwa ukubwa, nayo jeli ilipopakwa rangi pakatokea mstari mmoja mnene wa buluu penye kilodaltoni 27. Mzee akaiinua jeli kwenye mwanga, akaiangalia kwa muda, kisha akaonyesha mistari hafifu iliyo juu yake, akaniamuru niisafishe tena. Alisema kweli, kwa maana kila ng'ombe ana E. coli tumboni na ni nadra damu yake kukosa kingamwili za bakteria hao. Mabaki yao yakichanganyika na N, mnyama mzima ataonekana aliugua.

Homa ilipozuka Garissa mwishoni mwa 2006, baada ya mvua zilizofurika, na watu wakaiogopa nyama ilhali Idi ya kuchinja iko mlangoni, N ilikuwapo kwenye jokofu, na mtu aweza kuigusa bila khofu, ijapokuwa damu zenyewe zilitaka hadhari ile ile ya zamani.

Chanjo ni jambo jingine. Protini za nje, Gn na Gc, ambazo ndizo zihitajiwazo, hubeba vipande vya sukari, na E. coli wetu hawakuwa na uwezo wa kuvipachika. Tulijaribu hata hivyo, kwa kuwa bakteria hula chakula rahisi na fedha zetu zilikuwa chache, tukaambulia madonge matupu, mpaka kazi ikahamishiwa kwenye seli za wadudu, ambazo gharama yake ilimfanya mhasibu wetu apige kelele, nami nikaendelea na N yangu hadi nilipostaafu.