Damu kwenye nepi, na mama anayesingiziwa

Wadau, leo naongelea choo cha mtoto. Kama unakula, maliza kwanza.

Najua mtaniuliza: kijana wa kiume, chuo uliacha mwaka wa pili, mambo ya watoto wachanga umeyajulia wapi? Sawa, lakini mimi ni mjomba. Mwaka jana mpwa wangu, akiwa na wiki saba, alianza kutoa choo chenye ute na nyuzi za damu. Hapa Kibarani habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba moja. Kabla jua halijatua dadangu alikuwa ameshapewa sababu tatu: maziwa yake yameharibika, mtoto ana chango, na ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini: chirwa.

Kwa msiotoka huku, chirwa ni ugonjwa ambao Wamijikenda wengi wanaamini humpata mtoto pale mzazi wake anapotoka nje ya ndoa. Na si mnajua ni mzazi gani hutazamwa kwanza? Shemeji anafanya kazi Mombasa na kurudi mwisho wa mwezi, lakini hakuna aliyempigia simu kumuuliza alilala wapi. Maswali yote yalimwangukia dadangu, ambaye hata kidonda cha kujifungua kilikuwa hakijapona vizuri.

Na mtoto mwenyewe? Ananyonya vizuri, anatabasamu, hana homa, uzito unapanda kwenye kitabu cha kliniki. Hiyo ndiyo ajabu ya hali hii. Madaktari wanaiita proktokolaitisi, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa imevimba na kuchubuka. Kwa mtoto mchanga aliye mzima kabisa hivi, mara nyingi ni mwili wake unakataa protini fulani ya chakula, hasa ya maziwa ya ng'ombe. Mama anakunywa chai ya maziwa, chembe za protini ile zinapita hadi kwenye titi, utumbo wa mtoto unalalamika. Maziwa ya mama hayajaharibika hata kidogo. Ni chai tu, bana!

Ushauri tuliopewa mtaani ndio ungetuulia mtoto. Muuzaji wa duka moja la dawa alitaka kutuuzia antibayotiki ya maji bila hata kuuliza umri. Mavyaa wake dadangu, kwa nia njema kabisa, alisema aachishwe titi apewe maziwa ya mbuzi. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kwa hivyo angekataa hayo pia. Halafu ongeza chupa, na maji ya mtungi tunayoyajua wenyewe. Mtoto wa wiki saba kuondolewa titi kwa sababu ya uvumi! Na sisi ni watu wa Kilifi, tuna kituo cha utafiti cha KEMRI hapa tangu 1989. Sayansi iko umbali wa bodaboda moja, uvumi uko mlango wa pili.

Hospitali walimkagua kwanza kama kuna mpasuko kwenye njia ya haja, maana huo pia hutoa damu. Wakapeleka choo maabara. Wakamuuliza dadangu anakula nini, swali ambalo mtaani hakuna aliyeliuliza. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha aleji ya aina hii. Kipimo ni sufuria: mama aache maziwa ya ng'ombe na kila chenye maziwa ndani, halafu nepi iangaliwe. Kwa kawaida damu hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili.

Hapo ndipo tulijua maziwa yamejificha wapi. Biskuti, mikate mingine, hata majarini, ni kusoma pakiti kila saa. Tui la nazi halina shida, kwa hivyo wali wa nazi uliendelea, pamoja na kunde, mchicha na dagaa wa kula na mifupa yao ili asikose madini. Siku ya sita nepi ilikuwa safi.

Baada ya wiki nne daktari akamwambia anywe chai ya maziwa tena. Dadangu alikaribia kulia. Lakini hatua hiyo mimi naitetea sana, kwa sababu damu wakati mwingine hukoma yenyewe, na mama anaweza kujinyima chakula mwaka mzima bure. Kwetu ilirudi siku ya tatu. Basi tukajua kwa hakika.

Sasa msije mkaona damu mkasema "mjomba alisema ni chai". Kurasa nyingi za ng'ambo zinaandikwa kwa ajili ya watu wenye maji safi ya bomba. Huku kuna kuhara damu kwa kweli, na mara nyingi ni Shigela, bakteria aliyetambuliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Mtoto mwenye homa, anayeharisha damu na kulegea, huyo anahitaji dawa ya hospitali, maji ya ORS na zinki, leo hii. Wakubwa kidogo, fikirieni pia amiba na minyoo. Na mtoto anayetoa damu wiki nyingi huku anakonda anahitaji vipimo vikubwa zaidi. Akilia kwa vipindi huku anakunja miguu, anatapika, na choo kinafanana na jeli nyekundu, huenda utumbo umeingia ndani ya utumbo. Hapo usisubiri asubuhi.

Mpwa wangu juzi amefika miezi kumi na moja. Wengi huwa wameshaizoea protini hiyo wakikaribia mwaka, kwa hivyo daktari amesema waanze kumjaribu na uji wa maziwa, kijiko kwa kijiko. Shemeji ameomba likizo aje auone huo uji kwa macho yake. Mavyaa ndiye anayeupika.