Mzazi anapopiga magoti

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa mtoto, hasa wa kike, hufundishwa kupiga magoti kabla hajajua kusoma. Akikutana na mzee, anashuka chini, anasalimia, ndipo anaendelea na safari yake. Lakini mtu akishapata shamba la kahawa, pikipiki na cheo kanisani, magoti huanza kuwa magumu.

Katika Kinyambo na Kihaya, Omukama ni jina la mfalme, na ndilo tunalomwitia Bwana Mungu. Waliomwinamia Omukama Rumanyika pale Bweranyange hawakuhitaji kufafanuliwa unyenyekevu. Sisi Omukama wetu hatumwoni, hivyo ni rahisi kumpigia magoti Jumapili na kuinuka na kiburi kilekile.

Nilikuwa darasa la tano fedha za kahawa zilipopotea nyumbani. Baba, mzee wa kanisa, alimchapa kaka yangu kwa wizi. Siku tatu baadaye fedha zikaonekana ndani ya koti la baba mwenyewe. Aliyejua ni mama tu, na baba angeweza kunyamaza. Jioni ile, kabla ya sala, alimwita kaka mbele yetu sote: "Mwanangu, nimekukosea. Nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe, ndipo nami niweze kuomba." Kaka alilia kuliko alivyolia siku ya fimbo. Mahubiri ya baba nimeyasahau. Maneno hayo sijayasahau.

Baba aliyarithi kwa bibi, mtu wa Uamsho. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kufanya kazi katika idara ya afya. Daktari alikuwa amekauka rohoni. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja kama ndugu, jambo lisilo la kawaida enzi za ukoloni. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, kisha ukavuka mto Kagera hadi kwetu. Watu walitubu hadharani, wakarudisha vya wizi, na waume wakawaomba radhi wake zao. Hata hivyo, wapo waliogeuza kuokoka kwao kuwa fahari, wakawadharau wenzao. Kiburi kinajua pia kuvaa kanzu ya toba.

Kazi yangu ya habari za afya hunikutanisha nacho kila wiki. Baba anaona aibu kuongozana na mkewe kliniki. Mzazi anakataa kupima kwa sababu "watu watasemaje", huku akisema anamtegemea Mungu. Namkumbuka Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma. Alikasirika alipoambiwa akajichovye mara saba katika mto Yordani, akaona mito ya kwao ni bora zaidi. Watumishi wake ndio waliomsihi. Alipona aliposhuka majini.

Wazazi wenzangu, tuelewane jambo moja: unyenyekevu si kumwambia mke anayepigwa avumilie. Anayepaswa kushuka ni yule anayepiga. Wala kumwomba mtoto radhi hakuondoi heshima ya mzazi. Mtoto hujua tulipokosea hata tukinyamaza. Kinachobaki ni kama atajua pia kwamba mama na baba wana Mkubwa wao.

Tuanze na dogo. Ukimkosea mtoto, taja kosa lenyewe, usimalize kwa "lakini na wewe". Ukiwa umemdhalilisha mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu haohao. Muuguzi mwenye umri wa mwanao akikushauri, msikilize. Kisha usiku, nyumba ikitulia, mweleze Mungu kosa lako kabla ya kumweleza la jirani.