Barua kwa Momanyi kuhusu damu ya Kerubo

Keroka

Mwanangu Momanyi,

Baba yako ameniambia kwamba daktari amewataka mjiandae, huenda mkeo Kerubo akahitaji kuongezwa damu atakapojifungua, nawe umeapa hatatiwa damu ya mtu msiyemjua. Utatoa wewe na ndugu zako. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, kwa hiyo nisikilize kabla hamjafika hospitali huko Nyamira.

Hofu yako si ya bure. Mwaka 1994 watafiti walichunguza damu katika hospitali sita za serikali hapa Kenya. Kati ya watoaji 100, kama 6 walikuwa na virusi vya Ukimwi, na wagonjwa wapatao 2 kati ya 100 walioongezwa damu walikuwa hatarini kuambukizwa nayo. Lakini enzi hizo damu nyingi ilitoka kwa nani? Kwa jamaa wa wagonjwa, watu wa nyumba moja.

Wewe unawajua watu wetu. Kijana anaitwa, baba zake wadogo wamesimama hapo, mgonjwa yuko wodini, nauli ya matatu imeshalipwa na ukoo. Akiulizwa kama ana sababu ya kutotoa damu, atathubutu kusema kwamba majuzi alilala na mtu asiyemfahamu vizuri? Atasema yuko sawa na kunyoosha mkono.

Damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Vipimo vya leo ni vizuri. Hata hivyo mtu aliyeambukizwa hivi karibuni anaweza kuwa na virusi ambavyo kipimo hakijaviona bado, na homa ya ini ya B huweza kujificha kwa majuma kadhaa. Katika siku hizo kinachomlinda mgonjwa ni ukweli wa mtoaji, na ukweli huo haupatikani kwa mtu aliyeburutwa. Ndiyo maana naiamini zaidi damu ya mtu aliyekwenda mwenyewe, bila kulipwa wala kusukumwa, aliyepimwa na kukutwa salama mara kwa mara.

Na kuna jambo linalokuhusu wewe hasa. Damu ya mume isiwekwe kwa mke ambaye bado anazaa, wala ya ndugu wa mume. Mwili wa Kerubo unaweza kutengeneza kinga dhidi ya chembe za damu yako, na katika mimba ijayo, mtoto akirithi chembe hizo kwako, kinga hiyo ikamshambulia tumboni. Kumpenda si sababu ya kumpa damu yako.

Huduma ya kitaifa ya damu ilijengwa baada ya bomu la Nairobi la Agosti 1998, sehemu kubwa kwa fedha za Marekani. Msaada huo ulipokoma mwaka 2019, upungufu uliongezeka, na familia zikazidi kuambiwa zilete watu wao. Inaniuma, kwa sababu huku kwetu damu haingoji: mama anavuja baada ya kujifungua, mtoto wa malaria anafika viganja vimekuwa vyeupe. Shule za sekondari zikifungwa mambo huwa mabaya zaidi, maana wanafunzi ndio watoaji wetu wakuu.

Basi toeni, wewe na ndugu zako, lakini toeni sasa, kwenye benki ya damu, iende kwa yeyote. Kila mmoja aende kwa siku yake, aulizwe peke yake chumbani, na mwenye shaka arudi nyumbani bila mtu kumhoji. Wewe usimhoji.

Kerubo naye asiache vidonge vya madini ya chuma hata vikimchafua tumbo. Ameze baada ya chakula. Damu yake mwenyewe ikiwa ya kutosha, huenda asihitaji ya mtu. Niandikie kiwango cha damu kilichoandikwa kwenye kijitabu chake cha kliniki, na tarehe aliyopimwa.

Shangazi yako