Katika Merikebu za Anasa: Tuliyoyaona, na Mashauri kwa Wasafiri

Watu wakaao kando ya Tanganyika wanaijua Liemba, merikebu ya zamani ya ziwa lile. Katika mwaka 1997 iliwarudisha Uvira makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa Kigoma. Lakini si wengi wajuao ilikotoka. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, mji mdogo wa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000 hivi, ikapelekwa mpaka Dar es Salaam, na toka huko ikasafirishwa kwa gari la moshi hata Kigoma. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini.

Karakana ileile ya Papenburg, iliyoanzishwa na ukoo wa Meyer mwaka 1795, ingali inaunda merikebu hata leo. Ila kazi yake kubwa sasa ni merikebu za anasa, yaani hoteli zinazoelea juu ya maji. Mji huo uko mbali na bahari. Merikebu iliyokwisha hutelemshwa katika mto Ems, tezi ikitangulia na omo ikifuata, polepole sana, maana mto ni mwembamba na nafasi ni chache. Katika karakana hiyo ilitoka mwaka 2023 Silver Nova, merikebu ya abiria 728.

Sisi tumesafiri mara nyingi kwa merikebu za namna hiyo, katika Bahari ya Kati, kando ya Norway, na penginepo. Hatuandiki haya ili tujisifu. Lakini siku hizi jamaa nyingi zina watoto Ubelgiji, Ufaransa au Kanada, nao hupenda kuwafurahisha wazazi wao kwa safari moja ya bahari. Tena wako vijana wanaotafuta kazi katika merikebu hizo. Yafaa hao wote wajue mambo yalivyo.

MWANZO WA DESTURI HII

Zamani mtu alipanda merikebu kwa sababu ya haja. Mfanyabiashara, askari, mmisionari na mhamaji, kila mmoja alitamani kufika tu. Aliyegeuza mambo ni Albert Ballin wa Hamburg, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya merikebu zilizovuka Atlantiki kwenda Marekani. Aliona kwamba wakati wa baridi abiria hupungua, kwa kuwa bahari ile huchafuka vibaya, na merikebu nzuri hulala bandarini bila faida. Basi, tarehe 22 Januari 1891, Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven na abiria 241, ikazunguka Bahari ya Kati karibu miezi miwili. Abiria wale hawakuwa na shughuli popote. Walitaka kuona na kustarehe, kisha kurudi walikotoka.

Mbegu ile imekuwa mti mkubwa. Merikebu iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024, ina urefu wa meta 365 hivi, nayo yaweza kuchukua abiria 7,600. Huo ni mji mzima! Lakini msomaji asidanganyike: ukubwa si anasa. Merikebu za anasa ya kweli ni ndogo zaidi. Humo kuna nafasi, kuna ukimya, na watumishi ni wengi kwa kulinganisha na abiria.

MAISHA YALIVYO NDANI

Jambo la kwanza linalomstaajabisha mgeni ni utaratibu. Kitanda hutandikwa asubuhi, na jioni hutengenezwa tena. Maji ya kuoga na ya kunywa hutolewa katika bahari yenyewe, kwa mashine zinazoondoa chumvi. Mawimbi yakiinuka, mapezi mawili kama ya samaki hunyoshwa ubavuni chini ya maji, ili chombo kisiyumbe mno. Kuna maktaba, mahali pa kuogelea, daktari na chumba chake cha wagonjwa. Chakula hupatikana tangu alfajiri hata usiku wa manane.

Jambo la pili ni kwamba safari hufanyika usiku. Walala Livorno, waamka Civitavecchia, bandari ya Roma. Mtu akishuka mapema, apanda gari la moshi, na baada ya saa moja na zaidi yuko Roma. Apata kuona uwanja wa Mtakatifu Petro na kurudi kabla ya jua kuchwa. Katika nchi ya Norway mambo ni mengine kabisa. Bahari huingia katikati ya milima kama mto mrefu, na merikebu huifuata mpaka Geiranger, huku maporomoko ya maji yakianguka toka juu ya majabali. Tumewaona wasemaji wakubwa, watu wasionyamaza hata mezani, wakisimama sitahani bila neno.

Lakini tumeona na hasara yake. Wako abiria wasiotia mguu pwani hata siku moja. Hula mara tano kwa siku, hulala, huamka, hulalamika kwamba supu ilipoa. Watu hao hupita mbele ya miji mitano nao hawaijui hata mmoja. Wahenga walisema: Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hao huenda wasiokote kitu, maana hawainami.

WATU WA CHINI YA SITAHA

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Na nyenzo za merikebu ya anasa ni watu. Katika Silver Nova, abiria wale 728 wana watumishi zaidi ya 500: wapishi, wafuaji, mafundi wa mitambo, watengenezaji wa vyumba, mabaharia. Katika merikebu hizi wengi wao hutoka Ufilipino, Uhindi na Indonesia. Mkataba wao huwa wa miezi sita hata tisa, na katika muda huo hufanya kazi kila siku, Jumapili pia. Wengi hulala wawili katika chumba kidogo kisicho na dirisha, chini kabisa, karibu na mitambo.

Tulimjua mmoja, mtu wa Ufilipino, aliyetunza chumba chetu katika safari moja. Alikuwa mpole, wala hatukumsikia akinung'unika. Siku ya nne alituonyesha picha ya mtoto katika simu yake. Mtoto huyo alizaliwa baba akiwa baharini; alikuwa na miezi mitano, na baba hajamshika bado mikononi. Fedha alizopeleka nyumbani zilisomesha wadogo zake watatu. Alipokwisha kusema hayo alikunja taulo, akatuuliza kama twataka chai.

Jamaa za Kongo hazihitaji kufafanuliwa jambo hilo. Baba aendapo migodini Kolwezi, na mama abakiapo na watoto akingoja fedha na habari, ni uchungu uleule. Hata mwenye kukunjiwa taulo yafaa aujue.

Ziko sheria za kuwalinda watu hao. Mkataba wa Kazi za Baharini uliofanywa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, waagiza kwamba baharia apate saa zisizopungua 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Tena kwamba arudishwe kwao kwa gharama ya mwajiri mkataba ukiisha. Lakini sheria haitoshi peke yake. Katika mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga bandari, abiria walirudishwa makwao, lakini maelfu mengi ya watumishi walibaki melini miezi mingi, mbele ya pwani wasizoruhusiwa kukanyaga. Wakati huo kazi ya Stella Maris, chama cha kikatoliki cha kuwasaidia mabaharia kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1920, ilionekana wazi. Mapadre na wasaidizi wake huenda bandarini, huwapelekea mabaharia mahitaji, huwapatia njia ya kusema na jamaa zao.

Kijana atakaye kazi hiyo na asome mkataba wake mpaka mstari wa mwisho kabla ya kutia sahihi. Aulize mshahara, saa za kazi, na nani atalipa nauli ya kurudi. Akitokea mtu kumdai fedha nyingi ili ampatie nafasi, na ajihadhari naye: Mkataba ule wakataza kumlipiza baharia ada ya kutafutiwa kazi.

MASHAURI YETU KWA MSAFIRI

Kwanza: hati. Mwenye paspoti ya Kongo na aulize mapema viza ya kila nchi itakayofikiwa. Jambo moja huwaponza wengi: merikebu ikitoka katika nchi za Ulaya za mapatano ya Schengen, ikaenda Uturuki au Moroko, kisha ikarudi, viza ya kuingia mara moja haifai, yahitajiwa ya kuingia mara nyingi. Aliyekosa hati huachwa gatini, na mara nyingi fedha zake hazirudishwi.

Pili: fika bandarini siku moja kabla. Ndege hukawia, na merikebu haingoji.

Tatu: chagua chumba kwa akili. Aliye mwepesi wa kulewa bahari achukue chumba cha katikati na cha chini, maana hapo chombo huyumba kidogo. Tangawizi huwasaidia wengi. Tena, asafiriye peke yake ajue kwamba mara nyingi hutozwa nyongeza kubwa, pengine karibu bei ya watu wawili.

Nne: ulizia bei ina nini ndani yake. Katika merikebu nyingine vinywaji na bakshishi vimo katika bei. Katika nyingine kila kitu huandikwa katika hesabu yako, na siku ya mwisho hesabu hiyo ni kama mlima. Usisahau bima ya matibabu, kwa kuwa kumpeleka mgonjwa pwani toka katikati ya bahari hugharimu sana.

Tano: nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kila chakula. Ugonjwa wa kuhara na kutapika huenea upesi panapokaa watu wengi chini ya dari moja.

Sita: mazoezi ya kujiokoa usiyadharau. Titanic ilipozama Aprili 1912, watu 1,500 hivi walikufa, na mashua zake za kuokolea zilikuwa na nafasi 1,178 tu kwa watu zaidi ya 2,200. Tarehe 13 Januari 2012, karibu miaka 100 baadaye, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walikufa. Abiria waliopanda siku ile ile walikuwa bado hawajafanya mazoezi. Tangu mwaka 2015 sheria ya mataifa yaagiza yafanywe kabla ya kuondoka au mara baada ya kuondoka. Basi, jua mahali pako pa kukusanyika, jifunze kuvaa koti la kuelea, na uhesabu milango toka chumbani mwako mpaka ngazi, ili uweze kuifuata hata gizani.

Saba: shuka pwani, lakini fuata saa ya merikebu, si saa ya mji. Tumewaona watu wakikimbia gatini, vikapu mkononi, na chombo kimekwisha kung'oa nanga. Ukishuka, kula chakula cha wenyeji na ununue kwao. Kumbuka pia kwamba wingi wa wageni huweza kuwa mzigo. Tangu Agosti 2021 Italia imekataza merikebu kubwa kupita katika mfereji wa Giudecca mbele ya Venezia, ili kuulinda mji huo na maji yake. Mgeni mwema hupunguza kelele.

Nane: usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango, yakachukuliwa. Bakiza nguo za kesho! Bwana mmoja, mtu wa heshima, alifungasha zote, akashuka Barcelona mbele ya watu wote akiwa amevaa nguo za kulalia na kofia nzuri sana.

Tisa, na hili ndilo kubwa: jifunze jina la mtu anayekuhudumia, nalo limeandikwa kifuani pake. Mwite kwa jina hilo, msalimu, ushukuru. Ukiwa na bakshishi, mpe mkononi. Akikosea jambo, mwambie yeye kwa upole kabla ya kumshtaki kwa wakubwa, maana neno lako moja laweza kumnyima mkataba ujao, na nyuma ya mkataba huo kuna watoto wanaokula.

Siku ya kurudi, abiria hushuka yapata saa tatu asubuhi. Saa saba mchana wengine wapya huanza kupanda. Katika saa hizo chache vitanda vyote hutandikwa upya, sakafu hupigwa deki, maua hubadilishwa, na yule aliyekuaga asubuhi husimama tena mlangoni akiwakaribisha wageni asiowajua. Ukimwaga, usiwe na haraka.