Anakula Nini?

Nilipokuwa mtoto huko Beni, mjomba wangu alirudi kutoka msituni amebeba mtoto wa mboloko, yule paa mdogo wa kwetu. Akanipa, akasema, "Mpwa wangu, mtunze huyu." Nilifurahi mno. Nilimfunga kamba nyuma ya jiko, nikamlisha ugali wa muhogo na maharagwe, chakula tulichokula sisi wenyewe. Siku ya nne nikamkuta amekufa. Mjomba hakunipiga. Aliniambia tu, "Ulimpa chakula chako. Hukuniuliza chakula chake."

Neno hilo limenikaa moyoni hata leo, nami ni mwalimu hapa Butembo. Nililikumbuka hasa niliposoma jinsi wageni walivyomtafuta okapi.

Habari hiyo ilianzia kwetu. Mwaka 1900 Bwana Harry Johnston, mkubwa wa Waingereza huko Uganda, alifika kituo cha Mbeni, karibu na mto Semliki. Wambuti walikwisha kumwambia juu ya mnyama wa msituni afananaye na punda, mwenye milia miguuni. Johnston hakumwona. Alipata vipande viwili tu vya ngozi, akavipeleka London. Wataalamu wa huko wakadhani ni jamaa ya punda milia, wakamwandika hivyo. Kisha, mwaka 1901, Karl Eriksson, Mswidi aliyesimamia kituo cha Mbeni, akampelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Kumbe, okapi ni ndugu wa twiga!

Tangu hapo bustani za wanyama za Ulaya na Marekani zilitamani kupata okapi aliye hai. Wa kwanza alifika Antwerpen, Ubelgiji, mwaka 1919. Hakumaliza miezi miwili. Okapi hula majani ya aina nyingi sana za miti na mimea ya msituni, na msitu huo haupandi meli pamoja naye. Kumkamata ni kazi ya siku moja, lakini kumlisha ni kazi ya kila siku.

Wako waliojifunza kazi hiyo. Huko Buta, Bruda Joseph Hutsebaut alilea okapi misioni kwa subira nyingi. Mmoja wao alifika New York mwaka 1937, naye ndiye okapi wa kwanza kuonekana Marekani. Huko Epulu nako, ukitoka Beni kwa njia ya Mambasa, okapi walitunzwa mazizini kwa miaka mingi. Kila siku Wambuti waliingia msituni, wakakata majani yanayofaa, wakayabeba mpaka mazizini. Katika vitabu nimesoma majina ya walioomba wanyama na ya waliowapeleka. Jina la mkata majani sikuliona, ingawa bila yeye okapi hawangeishi.

Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia Epulu. Waliua watu, na okapi 14 wa mazizini wakapotea katika balaa hilo. Waliozoea kubeba majani wakabaki mikono mitupu.

Juzi mwanafunzi wangu alikuja shuleni na mtoto wa tumbili, aliyenunuliwa njiani. Akaniuliza, "Mwalimu, nimpe jina gani?"

Nikamjibu, "Jina baadaye, mwanangu. Anakula nini? Na nani atamletea kila siku?"

Akanyamaza. Tumbili alikuwa ameshika kipande cha mkate, hakili. Nikamwona tena mboloko wangu nyuma ya jiko. Nikamwambia mtoto, "Leo jioni tutakwenda pamoja kwa baba yako, tuzungumze naye."

Ndugu msomaji, hata wewe ukiletewa mtoto wa mnyama wa msituni, uliza kwanza swali la mjomba wangu. Ukikosa jibu, usimnunue. Anayeuza leo atarudi kesho msituni kutafuta mwingine, kwa sababu wewe ulilipa.