Simu Niliyoitia Kashani

Kuichukua simu ya binti yangu halikuwa kosa. Usiku wa manane mwanga ulikuwa ukiwaka ndani ya chandarua, na asubuhi mtoto wa kidato cha pili haamki kwenda skuli. Mzazi gani angenyamaza? Kosa langu ni kuisoma mbele za watu. Shangazi zake walikuwa wamekuja kututembelea hapa Kengeja, nami nikaona heri nimtie haya mbele yao. Nikawasomea meseji zake na wenziwe, moja baada ya moja: utani wa watoto wa kike, jina la mvulana, basi. Shangazi wakacheka. Yeye hakulia wala hakujibu. Simu nikaitia kashani, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Na simu yenyewe aliinunua kwa fedha zake za kuchambua karafuu, msimu mzima vidole vyeusi.

Nilipomrudishia alikuwa amenyooka. Nikiitaka simu ananipa bila kununa, ndani hamna neno. Nikajisifu kwa majirani. Kumbe alichojifunza ni kufuta.

Kisha akatokea mwanamume asiyemjua. Alianza na maneno matamu, akamrushia bando, halafu akataka picha. Alipokataa, akamtisha: nitamwambia mama yako kuwa tunaandikiana. Hapo ndipo ninapoumia. Mtu yule hakuhitaji silaha nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa fimbo yake.

Binti yangu alikwenda kumwambia mdogo wangu, hakuja kwangu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu huku akitazama chini, "Mama, ungeisoma, halafu ungeitia kashani." Nilikosa la kusema, maana ndivyo ningefanya.

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol uliotolewa 2022 ulikuta kuwa Tanzania, katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walifanyiwa udhalilishaji mzito wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nikilinda usingizi na masomo. La namna hii halikunipitikia.

Mdogo wangu ndiye aliyeijua namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, na ndiye aliyesema tusifute chochote, kwani ule ni ushahidi. Lakini meseji nyingi zilikwisha kufutwa, kwa ustadi alioupata kwangu. Tulikwenda polisi, dawati la jinsia na watoto, na zile chache zilizosalia.

Siku hizi usiku simu zote zinachajiwa ukumbini, na yangu pia, maana video za mchezo wa ng'ombe zilikuwa zikinikeshesha mimi kuliko yeye. Nimemwomba radhi. La kasha amenisamehe. La kusomewa mbele ya shangazi zake bado, na wakija yeye hupitia mlango wa uani.